Injini ya Moto Asubuhi ya Ukungu

Yule dalali wa matrekta pale Makambako mikono yake haitulii. Anapangusa boneti hata lisilo na vumbi, na kila mteja kwake ni "mzee wangu". Umuulize la injini, atakujibu la matairi. Efraimu alitoka kijijini Yakobi na katrekta kake kadogo, akitaka kubadilishana na kubwa moja la pale kwa dalali, maana shamba la viazi lilikuwa limemshinda.

"Hili tangu juzi halijawashwa, mzee wangu. Lakini utaona, linaitika mara moja!"

Efraimu akaweka kiganja kwenye injini. Ukungu ulikuwa bado umetanda, mabati yanadondosha maji, lakini injini ilikuwa ya moto kama sufuria ya ugali.

"Mbona lina joto?"

"Jua hilo, mzee wangu."

"Jua lipi?"

Mikono ya dalali ikasimama. Efraimu alijua, trekta la kupashwa moto kabla mteja hajafika ni lile linalogoma kwenye baridi, na Yakobi ndiko nyumbani kwa baridi. Akavuta debe tupu, akakaa.

"Sina haraka, ndugu yangu. Lipoe kwanza, halafu uliwashe."

Dalali akakohoa, akakatazama kale kadogo pale nje.

"Lakini mzee wangu, hako katrekta kako nako mbona si kabaya!"