Paka Aliyelalia Nta

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa, mume wangu alikuwa akinunua asali na nta kwa warina asali wa msituni, na nyumba yetu ya mtaa wa Kanyenye haikuisha harufu ya moshi na utamu. Tulikuwa na paka wa manyoya marefu, tuliyeachiwa na jirani aliyehamia Kaliua. Siku moja akajilaza juu ya matambara ya kuchujia nta, yangali na vuguvugu. Nta ilipoganda, manyoya ya tumboni yakashikana kuwa mabonge magumu, yakawa yanamvuta ngozi kila akitembea.

Mume wangu alijaribu mkasi, akaparurwa.

"Mama watoto, huyu ataoza ngozi. Ijumaa ikifika bado yuko hivi, nampeleka ghalani akaishi na panya."

Nilijua huko kwenye ghala lake la asali hakutakuwa na wa kumtazama.

Paka yule alitulia wakati mmoja tu: baada ya sala ya alfajiri, nikisoma kwa sauti uradi wangu wa kila siku, alikuja kujikunja mapajani. Nikinyamaza, anaondoka. Basi nikawa namaliza uradi kwanza, kwa kuwa ule ni wa Mola peke yake, kisha natandika kanga kuukuu mapajani na kuendelea kumsalia Mtume kwa sauti ileile. Nililainisha bonge kwa mafuta ya karanga, nikalichambua kwa kitana cha mti kuanzia nchani, huku nimeshika shina asiumie, kama nilivyowachana binti zangu. Mafuta niliyakausha kwa unga wa mahindi kidogo, na unga siku zile ulikuwa wa kupanga foleni.

"Unamsomea paka?" mume wangu aliuliza mlangoni.

"Namsalia Mtume. Paka anasikiliza tu."

"Basi mwambie aitikie amina."

Nikacheka, paka akaruka. Kazi ya siku ile ikaishia hapo.

Nilizoea kumwomba Mungu subira kwa mambo makubwa. Sikutegemea kufundishwa subira na tumbo la paka.

Alhamisi lilibaki bonge la kwapani, na hapo hakutaka kuguswa. Mume wangu akaketi kando yangu, akamshika mguu polepole, akaanza kumsalia Mtume kwa sauti yake nzito. Paka akalegea. Nikachana mpaka ngozi ikaonekana, nyekundu lakini nzima.

"Na ghalani je?" nikamuuliza.

"Ghalani kuchafu," alisema, akikung'uta unga kwenye kanzu yake.