Mstari mmoja wa manual ya chip ulivyoondoka na mkono wangu wa kulia, Kalemela

Wakuu, mwangaluka. Na mlio mbali na Usukumani, habari za huko.

Nimekuwa msomaji tu humu kwa muda mrefu, sijawahi kufungua uzi. Leo naandika, tena taratibu, maana natumia mkono wa kushoto na bado haujanizoea. Haya yamenipata mimi mwenyewe. Majina nimebadilisha, mengine yote nayaweka kama yalivyotokea, hata yale yasiyonipendeza.

Niiteni Shija. Naishi Bariadi, Somanda, mke mmoja, Minza, na watoto. Mimi ni fundi umeme wa mashine: za kusaga, za kukoboa, pampu, chochote chenye mota.

Miaka michache nyuma nilikutana na dada mmoja, nitamwita Neema. Mtu wa Kilimanjaro, alikuja huku kwa sababu mume wake ni tabibu, alihamishiwa kikazi. Yeye anaandika programu. Sio zile app za kwenye simu, anaandika za chini kabisa, za kuamrisha chuma.

Tulianza kazi pamoja. Wazo lilikuwa rahisi: mashine za kukoboa mpunga zinazotumia sola zinasumbua kwa sababu jua likipungua mota inahangaika mpaka inaungua. Sisi tukaweka kiboksi chenye kompyuta ndogo ndani. Kinasoma jua, kinawasha mota, kinazima, na mwenye mashine anaona kila kitu kwenye skrini.

Ilikubalika. Busega, Itilima mpaka Lagangabilili, watu walituita.

Kisha board, yaani ile kompyuta ndogo ya ndani ya kiboksi, tuliyokuwa tunatumia ikaacha kutengenezwa. Dukani haipo, mtandaoni haipo. Iliyokuwepo ni mpya, yenye chip mpya, bei nafuu, ila mfumo wetu hauijui.

Kwa wasio wa fani: kernel ndiyo programu inayokaa kati ya chuma na programu nyingine zote. Chip mpya ikitoka, lazima mtu akae na manual yake, kitabu cha maelezo cha kiwanda, aifundishe kernel kwamba chip hii ina pini hizi, pini hii inafanya hivi, ukitaka kuishusha andika hivi, ukitaka kuipandisha andika vile. Bila hivyo board inawaka taa tu, basi.

Na kernel tunayoizungumzia ni ya bure, dunia nzima inaitumia na dunia nzima inaiandika. Ukiongeza kitu unakituma kwenye orodha ya barua pepe, wakubwa wa huko wanakikagua mbele ya watu wote, wakiridhika wanakiingiza. Kikishaingia, mtu yeyote mwenye chip ile, awe Brazil awe China, anatumia ulichoandika wewe.

Neema aliifanya kazi ile peke yake. Nilikuwa nakaa naye nikimpimia pini kwa mita, naye ananielekeza, ndipo nami nikaanza kuelewa mawili matatu. Alituma, wakamrudishia na maswali. Akarekebisha, wakamrudishia tena. Hakuwa mtu wa kulalamika. Alikuwa anasema, "Kaka Shija, hawa wakinibana ndiyo vizuri. Nataka ikae."

Board ya kwanza yenye chip mpya tukaifunga Kalemela, kwenye mashine ya mama mmoja mjane. Mama Kabula. Ikafanya kazi vizuri tu.

Sasa sikilizeni kwa makini hapa.

Siku moja Mama Kabula akanipigia kwamba mkanda wa mashine unateleza. Nikapanda gari asubuhi. Nilimkuta na wateja wachache wamekaa juu ya magunia yao.

Nikazima mota kwenye skrini. Nikaenda kwenye main switch ukutani, nikashusha. Skrini ilibaki inawaka, lakini hiyo ni kawaida, kompyuta ina betri yake ndogo. Nikafungua kava, nikaingiza mkono kuukagua mkanda kwenye puli.

Nisichokijua ni kwamba ile main switch ilikuwa imeungua kwa joto. Mpunga ulikuwa umejaa, wateja wanalalamika, Mama Kabula akaita kijana wa kijijini anayejuajua umeme, naye akaunganisha waya moja kwa moja akairuka switch. Kava likarudishiwa. Mpini unapanda na kushuka kama kawaida, ila haukati kitu.

Na wakati mkono wangu uko ndani, kompyuta ikajizima na kujiwasha yenyewe. Modemu, kile kifaa chake cha intaneti, ilikuwa imekwama, na tuliipangia kabisa kwamba ikikwama ijiwashe upya.

Mota ikaamka.

Sitaeleza zaidi. Nitasema tu kwamba sikusikia maumivu mara moja, nilisikia mkanda unalia, nikashangaa kwa nini unalia. Halafu nikamwona Mama Kabula ameshika kichwa, anapiga kelele kwa Kisukuma, "Bhabha wane! Bhabha wane!", yaani baba yangu. Mteja mmoja ndiye aliyekimbilia betri akang'oa waya.

Hospitali ya karibu walifunga kidonda wakanipa rufaa ya Mwanza. Huko wakaukata mkono juu kidogo ya kifundo. Minza ndiye aliyeweka saini, mimi nilikuwa siwezi kushika kalamu.

Neema alikuja Mwanza kuniona. Alisimama mlangoni muda mrefu kabla hajaingia. Hakuniuliza naendeleaje.

Alisema, "Niliiona, kaka Shija."

"Uliona nini?"

"Kule mezani kwangu. Board ikiwa inawaka, kuna taa ilikuwa inapepesa kidogo kwenye pini ya mota kisha inazima. Nikadhani ni board inajijaribu. Manual inasema pini ile inakaa chini. Niliiamini manual."

Nikamwambia asijitese, kwamba switch ndiyo iliyoniumiza. Akatikisa kichwa. Minza alikuwa amekaa kwenye kiti pembeni, hakumsalimia vizuri, na alipoondoka akaniambia, "Huyo asije tena hapa." Nilikuwa na dawa nyingi mwilini, sikumjibu. Mpaka leo natamani ningemjibu.

Nilipotoka hospitali Neema alikuwa hapokei simu. Karakana yetu imefungwa. Nikaenda kwake. Mume wake akanipokea nje, mtu mpole sana, akaniambia mke wake hali chakula vizuri, halali, na kompyuta ameifungia kabatini. Alisema, "Shemeji, naomba umpe muda." Nikageuka.

Nyumbani nikaanza kufikiria ile taa. Kabla sijaumia nilikuwa nasoma ile orodha ya barua pepe, kwa hiyo nikaingia kuangalia. Wakuu, nilichoka. Kazi ya Neema ilikuwa imepitishwa wakati mimi nimelala wodini. Imeingizwa. Mkaguzi mmoja amemwandikia kwamba ni kazi safi.

Maana yake nini? Maana yake kosa lile lile lilikuwa njiani kwenda kwa kila mtu duniani mwenye chip ile. Sijui wao wamefunga nini kwenye hiyo pini. Pampu? Lifti? Msumeno?

Nikachukua board ya akiba. Minza akanishikia waya za mita, mimi nikabonyeza kwa kidole kimoja. Hakutaka, ila alishika. Nikapima.

Manual ya kiwanda ilikuwa na jedwali linalosema ukiandika moja pini inavutwa chini, ukiandika sifuri inavutwa juu. Ukweli ni kinyume chake. Mstari mmoja wa jedwali umegeuzwa. Neema alifuata kilichoandikwa, kwa hiyo kila kernel ilipoamka ilikuwa inaamuru "kaa chini", na chip inapanda juu, inabaki juu mpaka programu yetu ya mota ije kuishika. Sekunde chache tu. Mkono wangu ulikuwa ndani ya hizo sekunde.

Kurekebisha ni mistari miwili. Nilijua niandike nini.

Shida haikuwa hapo. Kule wana utaratibu: ukirekebisha kosa unaandika mstari unaotaja kazi gani ya nani ndiyo yenye kosa, na barua yako inamwendea mwenyewe, mbele ya watu wote. Siwezi kuirekebisha bila kumnyooshea Neema kidole. Mtu ambaye halali, barua imkute kwenye simu yake inasema kosa ni hili, lako.

Nilikaa na hilo jambo. Nilimpigia, hakupokea. Nikamtumia ujumbe: "Dada, natuma marekebisho. Jina lako litatajwa, sina namna. Nisamehe." Ukaonyesha umesomwa.

Nikatuma.

Mkaguzi akajibu. Adabu nzuri, lakini mgumu: manual inasema vinginevyo, umethibitishaje? Nikamwekea vipimo. Akajibu tena: huenda ni board yako moja tu ina hitilafu, hatuwezi kugeuza kwa watu wote kwa ajili ya board moja. Alikuwa na haki ya kuuliza, hata mimi ningeuliza.

Nilikuwa sitaki kusema. Sikutaka kuonekana naomba huruma. Lakini nikaona akikataa, kosa linabaki. Nikaandika kwa Kiingereza changu cha shule ya kata: pini hii iliwasha mota mkono wangu ukiwa kwenye mkanda, sina tena mkono wa kulia, tafadhali pima ya kwako.

Nikabonyeza kutuma.

Kisha ikaingia barua. Haikutoka kwa mkaguzi. Ilitoka kwa Neema.

Alikuwa ametoa kompyuta kabatini. Alipima board zote tatu zilizobaki kwake, akaweka vipimo vyote kwa mpangilio ule wake, na chini akaandika, "Alichosema Shija ni kweli, kosa liko kwenye kazi yangu, naomba marekebisho haya yaingizwe haraka, na yapelekwe hata kwenye matoleo ya nyuma."

Mkaguzi naye akapima ya kwake. Akajibu kwamba imethibitika, anaingiza. Akamwandikia Neema kwamba kosa ni la manual, yeye alifanya alichopaswa kufanya. Akaniandikia mimi kwamba anasikitika.

Neema hakujibu tena.

Baada ya muda mume wake akapata uhamisho, wakaondoka Bariadi. Hakuniaga. Nilisikia kwa jirani kwamba fuso imeshapakia, nikaenda, nikakuta anayefagia nyumba tu.

Nimeshafunga karakana moja kwa moja. Mama Kabula alikuja nyumbani na kuku na mchele, akalia mpaka Minza akawa ndiye anayembembeleza. Sikumshtaki. Yule kijana aliyeruka switch amehama kijiji, nasikia yuko machimboni.

Nilichojifunza, nakiandika kwa wadogo zangu mafundi.

Ukishusha switch, usiamini mpini. Weka testa kwenye waya, uone mwenyewe umeme haupo, ndipo uingize mkono. Kila mara, hata kama jana uliifunga wewe.

Na kwa waandishi wa programu: manual imeandikwa na mtu, mtu anakosea. Ukiona taa inapepesa pasipotakiwa, simama hapo hapo, usiendelee mpaka ujue kwa nini. Mota yoyote iwekeeni rizista ya kuvuta pini chini kwa nje, isitegemee programu hata kidogo. Hiyo ingeniokoa, na ni kitu kidogo kuliko punje ya mchele.

Mwenye board yenye chip mpya anayetumia kernel ya zamani, aiboreshe leo. Akikwama aniulize hapa hapa, nitajibu, japo taratibu.

Sasa swali langu, ndiyo sababu hasa ya kufungua uzi.

Namba ya Neema bado ninayo, na picha yake ya wasifu hubadilika, kwa hiyo yupo. Minza anasema nimwache, mtu akitaka kuongea ataongea. Mimi kuna siku nashika simu naandika "Dada, mambo?" nafuta. Sijui nikimtafuta namsaidia au namkumbusha.

Aliyewahi kuwa upande wangu, au zaidi aliyewahi kuwa upande wake, aniambie. Ungependa yule uliyemuumiza bila kukusudia akupigie?