Mikono Dirishani

Ilianza Jumatano saa tatu na nusu asubuhi, mvua ilipowakuta wazazi uwanjani na mkuu wa shule akasema mkutano uhamie kanisani. Bwalo letu halina bati upande mmoja, upepo ulilichukua, kwa hiyo hapakuwa na mahali pengine pa kuwaweka watu wazima. Sisi wa kidato cha pili tuliambiwa tubebe mabenchi. Nilifurahi. Ukiwa umebeba benchi hakuna anayekusimamisha usalimie watu mmoja mmoja.

Shule yetu ni ya nani, hata mimi sikuwa najua vizuri mpaka siku hiyo. Ilijengwa na wamisionari, serikali ikaichukua kabla sijazaliwa, na tangu hapo imekuwa kama ng'ombe anayefugwa na nyumba mbili. Walimu wanalipwa na serikali. Ardhi na kuta ni za kanisa. Mchungaji ni mwenyekiti wa bodi, mkuu wa shule ni katibu wake. Madawati na chakula cha mchana ni juu ya wazazi. Bati likitoka, ofisi ya elimu inasema jengo ni la kanisa, walitengeneze wenyewe. Kanisa linasema shule ni ya serikali, waitengeneze wao. Maabara imekaa hivyo mpaka majani yameota kwenye sinki.

Sasa bodi ilikuwa imeleta jambo moja tu. Siku hizi ni ruksa mashirika ya dini kuendesha shule, kwa hiyo kanisa lirudishiwe yake. Litaezeka upya, litaleta vifaa vya maabara, na ada itakuwa kama ya shule yoyote ya kulipia. Asiyeweza ahamishe mtoto. Kuhamisha kwenyewe ni hadithi tu, maana shule ya serikali iliyo karibu imejaa mpaka watoto wanakaa chini.

Mama alikuja kusema hataki. Baba alishafariki. Tuna chai kidogo nyuma ya nyumba na ndizi ambazo mama anapeleka kuuza Kiwira, na kiwanda cha chai kinalipa kinapojisikia. Ada ikipanda, mimi natoka. Hilo halikuhitaji mtu wa kunieleza.

Tatizo ni kwamba babu, baba yake baba, ni mzee wa kanisa na mjumbe wa bodi. Kwetu mwanamke hakutani na baba mkwe wake. Hamtazami, hamtaji jina, haingii alimo. Babu akipita kwetu hukohoa tangu kwenye migomba ili mama apate muda wa kujificha, na kifo cha baba hakikubadilisha chochote. Mikutano ya uwanjani haikuwa na shida. Akina mama wenye wakwe walikaa mbali kule chini, wamewapa wazee mgongo, na wakati wa kupiga kura waliinua mikono vilevile wamegeuka, nao wakahesabiwa. Hakuna aliyewahi kuona ajabu. Lakini kanisa lina mlango mmoja na babu alikuwa ameketi benchi la mbele.

Nilipotoka kufuata benchi la mwisho niliwakuta akina mama hao ubavuni mwa kanisa, chini ya upenu, kanga zimelowa. Walikuwa wengi kuliko nilivyodhani. Wanatoka Lufingo, wengine mbali zaidi. Mama akaniita.

"Ingia umwambie mwalimu wako tupo huku. Atuhesabu."

"Mimi, mama?"

"Kwani nimtume nani? Anayesoma ni wewe."

Mimi darasani nikijua jibu huwa naliandika kwenye daftari nikalifunika. Nilipita katikati ya kanisa lile nikitazama miguu yangu, matope yakiandika sakafu, mpaka kwa mkuu wa shule. Yeye si wa huku, ametokea mikoa mingine mwaka jana tu. Nikamnong'oneza. Akaniambia niseme kwa sauti, hasikii kwa sababu ya mvua.

"Mama zetu wako nje, mwalimu. Wanaomba wahesabiwe."

"Wanaumwa miguu?"

Watu wakacheka. Nikasema hapana, wakwe zao wamo humu. Alinitazama kama anayemtazama mwanafunzi aliyekuja na kisingizio cha kuchelewa. Akasema kwa upole kabisa kwamba mzazi anayetaka kuhesabiwa aingie, nafasi za nyuma zipo. Kila mzee mle ndani alikuwa anaelewa, na hakuna aliyefungua mdomo kumweleza. Mchungaji alikuwa anapanga karatasi zake. Babu alikuwa anaangalia kofia yake magotini. Angetoka tu kidogo, akasimama upande wa pili wa kanisa mpaka kura ziishe, mambo yangekwisha. Hakutoka.

Nikabaki nimesimama kwenye ukuta, sikuambiwa niondoke wala nikae.

Aliyebishana peke yake ni baba mmoja Mwislamu mwenye duka la vitambaa Tukuyu mjini, ana binti kidato cha kwanza. Aliuliza binti yake Ijumaa ataruhusiwa kwenda kusali au la. Mchungaji akajibu kwamba shule itapokea watoto wote, ila itafuata taratibu za mwenyewe.

"Mwenyewe nani, mchungaji? Hawa walimu wanalipwa kwa kodi yangu."

"Kodi gani?" sauti ikatoka nyuma. "Kitenge unauza bila risiti."

Kanisa zima likaangua kicheko, naye akacheka, akakaa. Baada ya hapo hakuuliza tena.

Wanaokubali kanisa lichukue shule waliinua mikono kwanza. Wazee wote, wenye mashamba makubwa ya chai, na wengine ambao nadhani waliinua kwa kuwa mchungaji alikuwa anawatazama. Babu aliinua wake polepole, akaushikilia juu mpaka hesabu ikaisha. Kisha wakaulizwa wasiokubali. Ndipo niliposikia dirisha la mbao likisukumwa.

Mkono ukaingia dirishani. Mkono tu, mpaka kwenye kiwiko, maji yanachuruzika. Uso haukuonekana. Nilimjua mama kwa bangili yake ya shaba. Ukafuata mwingine, na mwingine, madirisha ya upande ule yote yakawa na mikono.

Hakuna aliyecheka mara hii. Mkuu wa shule alisimama na kalamu yake, akamgeukia mchungaji. Mchungaji akatikisa kichwa.

"Tunahesabu waliomo ndani," mkuu wa shule akasema.

Alihesabu. Waliokubali walikuwa wengi zaidi, lakini si kwa mbali. Wale wa madirishani wangetosha au wasingetosha, sijui. Mikono ilikaa pale mpaka mchungaji alipoanza sala ya kufunga. Mmoja mmoja ikatoka.

Njiani mama alitembea mbele. Tulipofika kwenye daraja la miti akaniuliza kama babu aliinua. Nikasema ndiyo.

"Kwa kanisa?"

"Ndiyo."

Akasema wanaume wa nyumba ile wameshakubaliana babu atamlipia ada mtoto wa baba mkubwa, yule wa kidato cha kwanza. Alilisema kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Kisha akaniambia nikanyage vizuri, miti inateleza. Nyumbani alivua kanga, akaikamua, akaingia kwenye chai na mvua yake. Nikamfuata. Tulichuma mpaka giza.

Asubuhi yake nilivaa sare, maana kanisa litaanza kuendesha shule mwakani na muhula ulikuwa bado haujaisha. Mstarini mkuu wa shule alitutangazia kwamba wazazi wote wameridhia. Wenzangu wakapiga makofi, nami mikono yangu ilikuwa mfukoni. Tulipotawanyika nilimfuata dada mmoja wa kidato cha tatu ambaye sijawahi kuongea naye, nikamwomba daftari lake la fizikia. Akaniuliza la nini, hayo ni ya mwakani. Nikasema naomba tu. Nikaenda nalo nyuma ya maabara, nikaanza kunakili tangu ukurasa wa kwanza.