Mwanangu Anaongea na Mimi Mtandaoni Bila Kujua ni Mimi

Admin, kama umenizidi umri shikamoo, kama nimekuzidi basi marahaba. Naomba unifichie jina.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, naishi Mkolani hapa Mwanza, nakaanga samaki na kuwauza Buhongwa. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nikikosea kuandika mnivumilie. Nina binti mmoja, Doto. Nimemsomesha kwa hao hao samaki mpaka akamaliza chuo, sasa yuko Dar anafanya kazi za kompyuta ambazo akinieleza naitikia tu. Jumapili ananipigia. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, umekula?" "Nimekula. Mgongo vipi?" "Unaendelea." Basi, maneno yameisha, kila mtu anasubiri mwenzake aage.

Mwenzangu wa kwaya ndiye aliyeniingiza kwenye kundi moja la mtandaoni wanapobishana kuhusu dini na sayansi. Aliniambia njoo utetee imani, huko Mungu anatukanwa. Sikutumia jina langu, na picha niliweka ua. Nikakuta kuna mtu mmoja, picha yake ni paka, anajiita Mwenye Akili, huyo ndiye anawachapa watu wa Mungu wote. Nikimjibu ananiita bibi. Aliniandikia, "Bibi, hiyo simu unayotumia kuikataa sayansi imetengenezwa na sayansi. Ungetuma ujumbe wako kwa maombi basi." Watu wakacheka. Nikamjibu, "Mjukuu wangu, mimi nasali na bado jiko nawasha kwa kiberiti. Nani kakwambia vinagombana?" Siku hiyo walicheka upande wangu, nikakaanga samaki huku natabasamu peke yangu.

Jamani, niliuzoea ule ubishi. Nikawa nikipumzika tu naangalia kama paka amejibu. Na hachoki kujibu, anaeleza mpaka mwisho, hata ninapoandika vibaya anatafuta nilichotaka kusema. Nilishasema moyoni, huyu mtoto ana mama mwenye bahati.

Sasa juzi kati akaleta maneno ya akili mnemba. Akasema ameiuliza hiyo mashine inayojibu maswali kama wafu wanatuona, ikamjibu hakuna ushahidi, kwa hiyo mjadala umefungwa. Nikamuuliza, "Hiyo mashine yako imeshawahi kuzika mtoto?"

Akanijibu hivi, na haya maneno nimeyashika kama sala. "Afadhali umetaja kuzika. Mama yangu mzazi alizika pacha wangu tukiwa wachanga, nilisikia kwa majirani. Mpaka leo nikienda likizo anatenga chakula kwenye kisahani cha bluu kilichomeguka ukingo, anakiweka pembeni yangu, anasema cha mwenzako. Nikiuliza mwenzangu yuko wapi anasema katembea. Halafu Jumapili anavaa sare ya kwaya anakwenda kanisani. Huyo ndiye mwamini wenu. Mimi nimekulia kwenye ujinga huo."

Kile kisahani kiko kabatini kwangu. Kilimeguka siku Doto alipokiangusha akiwa mdogo.

Watu walicheka, ndugu zangu. Mmoja akauliza, "Na marehemu huwa anamaliza mboga?" Mwingine akasema mama kama huyo apelekwe kwa daktari wa vichwa. Na mwanangu akawawekea alama ya kucheka. Samaki wa siku ile waliungua, nikawatupia mbwa.

Sikulia Kulwa, pacha wa Doto, alipofariki, na mtu asifikiri sikutaka. Kwetu Usukumani, mimi nilivyofundishwa na mama mkwe, pacha akifa halii mtu. Hasemwi kafa, husemwa katembea, na aliyebaki hasimuliwi, maana akijua sana atataka kumfuata. Kila anachopewa, mwenzake naye anakatiwa chake. Doto alikuwa dhaifu, kifua kilikuwa kinambana, ningefanya nini? Nilimeza kilio changu ili yeye abaki. Amebaki, amesoma, leo anakicheka kilio hicho na watu asiowajua.

Nilitaka kumpigia simu hapo hapo nimwambie, Doto, bibi unayemsimanga ndiye aliyekunyonyesha. Nikaiweka simu chini. Jumapili akapiga yeye. "Shikamoo mama." "Marahaba, umekula?" Nikamuuliza, "Huko kazini mnaongea na watu vizuri?" Akasema, "Kawaida tu mama."

Tangu hapo sikuandika tena kwenye kundi. Jana akanifuata pembeni, kwenye ujumbe wa siri. Ameandika, "Bibi, umekimbia? Samahani kama nilikuumiza siku ile. Pale wengine wanatukana tu, wewe peke yako unanisikiliza. Nikuulize kitu, nahisi wewe ni mtu wa kwetu. Kile chakula cha pacha mnakitenga kwa nini? Mama hajawahi kuniambia, na siwezi kumuuliza, mama yangu haongeleki. Desemba nakwenda nyumbani, nikikiona tena kile kisahani nitakivunja, isipokuwa kama kuna sababu."

Haongeleki. Mimi, niliyekuwa nangojea majibu ya paka kila nikishusha karai la samaki.

Nikimjibu kama bibi, atanielewa, atanishukuru, na ataendelea kumpenda mtu ambaye hayupo. Nikimwambia ni mimi, ataona aibu na Desemba haji, na yule anayeniandikia kurasa nzima nitampoteza, nibaki na yule wa mgongo vipi. Na nikieleza chochote, nimevunja nilichokitunza tangu Kulwa atembee. Moyo wangu bado unaogopa, ingawa binti ni mtu mzima sasa. Msinicheke kwa hilo, nimeshachekwa vya kutosha.

Ujumbe wake ameshaona kuwa nimeusoma. Anasubiri. Nyie mliosoma na msiosoma, mnaoamini na msioamini, naombeni mnishauri: nimjibu kama nani?