Musimbi, Aliyehesabu Wafu wa Nyumba Yetu

Wapo watu hapa Kawangware, wengine wa ukoo wetu, ambao hadi leo husema jina la Gathogo lilichafuliwa na mwanamke wa kutoka Kibera. Husema hivyo baada ya ibada, wakiwa wamesimama karibu na magari yao, na nikipita hubadilisha mazungumzo wakaniuliza habari za mvua. Mimi ni mjane wa Simeon Gathogo. Jina hilo ni langu kulilinda, na nimelilinda tangu tulipomzika mwaka wa 2017. Basi nitaeleza mwanamke huyo ni nani na alifanya nini, na anayetaka kunong'ona aendelee akiwa anajua.

Anaitwa Musimbi. Alizaliwa Vihiga, akaacha shule akiwa darasa la saba baba yake alipofariki, akaja Nairobi kwa dada yake Mercyline, anayeishi Soweto West kule Kibera. Amefua nguo za watu, ameuza mandazi, amesukuma chapati hotelini hadi mikono ikavimba. Ana mtoto mmoja, Kevin, ndiyo maana wengi humwita Mama Kevin. Ni mfupi, ana sauti nene, na haketi mtu mwingine akiwa amesimama. Alipokuja kwetu kutafuta kazi, mume wangu alimuuliza amewahi kutunza wazee wapi. Akajibu, "Bado. Lakini hawanitishi." Aliandikwa siku hiyo hiyo.

Kwetu ni makao ya wazee. Simeon aliyajenga mwaka wa 2009 kwenye kipande cha shamba la baba yake, si mbali na kituo cha matatu cha Kawangware 56, wakati wenzake wa rika walikuwa wakijenga vyumba vya kupangisha. Vitanda vilitengenezwa na Khamala, fundi Mbukusu aliyekuwa na karakana kando ya barabara. Mbao zilikuwa nene na nzito, hata ikabidi aviunganishie ndani ya vyumba. Baadaye mkewe alifariki, macho yake yakafifia, naye akaja kulala kwenye kitanda alichokipiga msumari mwenyewe.

Nyumba ilikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote. Mama mkwe wangu, Wagaki, alikuwa amemfundisha Simeon desturi ya zamani ya Wakikuyu, kwamba mtu hafii ndani ya nyumba. Zamani mgonjwa aliyekuwa anaaga dunia alitolewa nje, kwa sababu akifia ndani nyumba ilihamwa. Simeon alikuwa Mkristo na mzee wa kanisa, hangeweza kuhama nyumba kwa ajili ya maiti. Lakini desturi ilibaki kwa njia nyingine. Mzee akibadilika pumzi, gari liliitwa, akapelekwa hospitali, na huko ndiko alikofia. Kwa miaka kumi na mmoja hakuna jeneza lililotoka langoni petu. Watu walisema, "Kwa Gathogo hakuna anayekufa," nasi tukanyamaza kwa fahari.

Korona ilipoingia nchini tulikuwa na wazee kumi na tisa, mama mkwe wangu akiwa mmoja wao. Nilifunga lango. Nilimwambia Musimbi achague kulala kwake au kulala kwetu, kwa sababu kila siku alikuwa akitembea kwa miguu kutoka Kibera na kurudi. Alimwachia Mercyline mtoto, akarudi na mfuko mmoja wa nguo, akatandika godoro chumba cha stoo.

Kazi ya kuhesabu aliianza yeye, hakuna aliyemtuma. Kila mzee alikuwa na kikombe chake cha bati, na Musimbi alikuwa ameandika majina yote chini ya vikombe, kwenye kitako, kwa rangi nyekundu ya kucha aliyopewa na msichana wa saluni. Vikombe vilikaa kwenye rafu karibu na mlango wa mbele. Mzee akishikwa na homa au kikohozi, kikombe chake kilihamia rafu ya chini na kuoshwa peke yake. Mzee akipelekwa hospitali na asirudi, Musimbi alikipindua kikombe, kinywa chini, jina juu. Kisha aliandika kwenye daftari la shule jina, tarehe ya kuanza kukohoa, tarehe ya kuondoka na tarehe ambayo jamaa walipiga simu kusema amefariki. Kufikia mwisho wa Julai, vikombe saba vilikuwa vimepinduliwa.

Kila Jumatatu na Alhamisi, saa nne, wakati wa uji, nilipigiwa simu na ofisa wa afya wa kaunti, kijana mwenye adabu aitwaye Wakoli. Maswali yake yalikuwa mawili. Wenye dalili ni wangapi? Waliofia katika makao ni wangapi? Nami nilijibu kwa usahihi, kwa kuwa nimesomesha hesabu miaka thelathini na mmoja na sijazoea kujibu ovyo.

Alhamisi moja nilimjibu, "Wenye dalili ni watatu. Waliofia hapa, hakuna."

"Mwalimu, nyinyi ni wa kupongezwa," alisema Wakoli. "Kuna makao mengine hali ni mbaya sana. Vifaa vya kupima ni vichache, tunaanza na wenye vifo. Nyinyi tumewaweka mwisho wa orodha."

Nilimshukuru. Nilipokata simu Musimbi alikuwa nyuma yangu na sufuria ya uji.

"Mwalimu, umesema hakuna?"

"Hapa, hakuna. Walifia hospitali. Watahesabiwa huko."

"Nani atawahesabu? Baba Sella alikufa kwa benchi ya hospitali kabla hajaandikwa. Mtoto wake mwenyewe ndiye aliniambia." Aliweka sufuria chini, akaonyesha rafu kwa mwiko. "Hizi vikombe saba ni za nani, Mwalimu? Za wageni?"

"Mama Kevin, gawa uji."

"Nitagawa. Wamebaki kumi na wawili, na watatu wanakohoa. Tukingoja mwisho wa orodha hii rafu itajaa."

Nilimwambia asinifundishe hesabu. Maneno hayo niliyasema na siyafichi. Aligawa uji, akaosha vyombo, na siku mbili hakunisemesha ila kwa salamu.

Jumamosi shemeji yangu Antony alikuja. Hakuingia, alisimama nje ya lango na barakoa mbili usoni. Sijui nani alimpelekea habari.

"Mama Tabby," aliniita kwa jina la binti yangu, kama kawaida yake, "nasikia kuna daftari."

"Lipo. Ni la Musimbi."

"La Musimbi? Ameandika watu wetu, watoto wao wanatujua, halafu ni la Musimbi? Ikifika kwa kaunti tutafungiwa. Kesho tutaitwa nyumba ya kifo. Simeon alijenga hili jina jiwe kwa jiwe. Mwambie alete."

Musimbi alikuwa anaanika mashuka. Alisogea karibu na lango, mikono inadondosha maji.

"Mzee Antony, sasa. Daftari nilinunua mimi. Ukitaka ya kwako, pale 56 wanauza, ziko na hata za mistari mikubwa."

"Wewe mama, jua mahali pako. Umeajiriwa."

"Najua mahali pangu. Ni hapa ndani. Wewe ndio uko nje."

Antony aliniangalia, akingoja nimkemee Musimbi. Nilitaka kumkemea. Lakini nilikuwa nikifikiria yule kijana wa simu, na lile neno lake la kupongeza, ambalo lilikuwa limeninyima usingizi. Nilimwambia Antony aende nyumbani akapumzike. Aliondoka akisema hataki kusikia maiti imetoka katika nyumba ya kaka yake.

Jumapili asubuhi Khamala alibadilika pumzi. Alikuwa amekohoa siku nne. Nilifanya kama tulivyofanya siku zote: niliita gari, nikamwambia Musimbi amvalishe koti. Gari lilipopiga honi nilikwenda chumbani, nikamkuta Musimbi ameweka kiti mlangoni na kukikalia. Nimesema huyo mwanamke haketi mtu akiwa amesimama. Siku hiyo aliketi.

"Mama Kevin, toka hapo."

"Nimeuliza hospitali tatu kwa simu, Mwalimu. Hakuna hata moja iko na oksijeni. Anaenda kulala kwa sakafu, na mimi siruhusiwi kukaa na yeye. Muulize mwenyewe kama anataka."

Khamala alikuwa na akili zake zote. Alizungumza kwa vipande, akipumua katikati.

"Mwalimu, mwambie Antony akitaka kunitoa, atoe na kitanda. Nilikiunganishia humu ndani. Hakipiti mlangoni."

Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, Musimbi akainuka kumshika mgongo. Mimi nikaenda kwa mama mkwe wangu, kwa sababu sheria ilikuwa yake. Wagaki alikuwa na miaka tisini na mmoja, ameketi kitandani kwake na shali mabegani, naye pia alikuwa ameanza kukohoa tangu jana yake. Nilimwambia Khamala anakufa na hataki kutoka.

"Akitolewa," aliuliza, "nani anakwenda kukaa naye?"

"Hakuna, Mami. Hawaruhusu."

Alinitazama kama anayemtazama mtoto aliyekosea jibu rahisi.

"Baba yangu tulimtoa. Tuliwasha moto kando yake, na kaka yangu mkubwa akaketi naye mpaka akamaliza. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi. Nyinyi mnamtoa mtu mnamfungia lango. Hayo mliyatoa wapi? Si kwangu."

Nilikwenda langoni nikamwambia mwenye gari arudi.

Khamala alikufa saa saba mchana, Musimbi akiwa amemshika mkono kwa glavu iliyotoboka, mimi nikiwa upande wa pili nimevaa barakoa, nikisoma Zaburi kwa sauti. Watu waliovaa mavazi meupe walikuja kumchukua kabla ya jua kuzama. Jeneza la kwanza lilitoka langoni petu mchana, majirani wakiangalia kutoka ghorofani. Sikufunga mapazia. Musimbi alipindua kikombe cha nane.

Jumatatu, saa nne, simu ililia. Nilimwita Musimbi alete daftari.

"Mwalimu, habari ya asubuhi," alisema Wakoli. "Wenye dalili?"

"Wanne."

"Waliofia katika makao?"

"Wanane."

Nilisikia kalamu yake ikisimama. "Samahani, umesema?"

"Wanane. Mmoja jana, kitandani mwake. Saba waliugua hapa, tukawapeleka wakafie kwingine, na kila ulipopiga nilikwambia hakuna. Kosa ni langu, si la mfanyakazi yeyote. Andika majina. Ziko tarehe zote."

Musimbi alisoma. Alisoma polepole kama anayesoma somo kanisani, jina, siku ya kukohoa, siku ya kuondoka, siku ya kufa, na Wakoli akarudia kila moja. Alipomaliza, kijana akauliza, "Hizi rekodi aliziweka nani?"

"Anaitwa Musimbi," nilisema. "Andika na hilo."

Watu wa Wakoli walikuja kupima Jumatano. Kati ya wazee kumi na mmoja, sita walikuwa na ugonjwa, wawili kati yao hata hawakuwa wamekohoa, na walikuwa wakilala chumba kimoja na wazima. Musimbi naye alikuwa nao. Tuligawanya nyumba kwa turubai, tukaletewa barakoa, glavu na mitungi miwili ya oksijeni. Musimbi alilala stooni wiki mbili akitoa amri kupitia dirishani, na sauti yake ile nene ikasikika hadi barabarani. Mmoja zaidi alifariki, kikombe cha tisa. Watano walipona. Mama mkwe wangu alikuwa kati ya hao watano, akaishi mwaka mmoja na nusu zaidi, akafia kitandani kwake kwa uzee, sisi sote tukiwa chumbani.

Hatukufungiwa. Familia tatu ziliondoa wazee wao, na mmoja wa watoto hao alinitukana kwa ujumbe mrefu ambao bado ninao. Kanisani benchi yangu ilikuwa na nafasi kwa miezi mingi. Antony alileta barua iliyopigwa chapa, akitaka niondoe jina la Gathogo kwenye lango. Mwezi uliofuata niliita fundi akalipaka rangi upya, herufi kubwa zaidi. Na Musimbi ndiye msimamizi wa makao haya sasa. Anayetaka kumwita mwanamke wa Kibera aje amwite hapa ofisini, akiwa amesimama mbele yake.

Vikombe tisa viko kwenye rafu ile ile, mlangoni. Mwaka jana mama mmoja alikuja kutafutia baba yake nafasi, akaviona vimepinduliwa, akauliza ni vya nini. Musimbi alimsomea majina moja moja kutoka kwenye vitako, na mwisho wa kila mmoja.

"Na mnaviweka hapa mbele, mgeni aone?" yule mama aliuliza.

"Ulikuwa unataka tuweke wapi?"

Hakurudi. Antony alisikia, kwa maana yeye husikia kila kitu, akanipigia simu akisema niviondoe sasa, miaka imepita, vinafukuza watu. Nilimwambia lango liko wazi. Aje aviteremshe mwenyewe kwa mkono wake, kimoja kimoja, lakini kabla ya kuteremsha asome kwa sauti jina lililoandikwa juu yake, Musimbi akisikiliza.

Bado hajaja.