Mafua Kabla ya Kisu

Shangazi yangu Malimi alikuwa na maneno ya kila jambo isipokuwa mwili wake. Ukimkosea adabu kwenye meza yake ya michembe pale sokoni Somanda, atakusema mpaka wapita njia wasimame. Ukimuuliza anaumwa wapi, atakujibu neno moja tu, mhola, yaani salama. Neno hilo limenitia hasira maishani mwangu kuliko matusi yoyote.

Alizaliwa Shishiyu, akaolewa Bariadi, akafiwa na mume mapema. Alibaki na shamba la pamba, meza ya viazi vikavu na mimi, Klementina, binti wa kaka yake, niliyelelewa naye tangu mama yangu alipofariki. Rovu lilimwota shingoni tangu usichana. Wanawake wenye rovu walikuwa wengi kwetu, hakuna aliyewashangaa, naye alifunga kitambaa akaendelea na kazi.

Mwaka tisini na tano rovu likabadilika tabia. Alikula chakula cha watu wawili na bado gauni likampwaya. Mikono ilitetemeka hata kumimina chai kukawa shida, na moyo ulimwenda mbio akiwa amekaa tu. Miaka hiyo mtu akikonda watu hawakungoja daktari, jibu walikuwa nalo tayari. Wateja wakapungua. Jirani mmoja akawa anapokea kikombe chake kwa ncha za vidole, na mimi nilitamani kummwagia ile chai.

Kumbe ilikuwa tezi. Hospitali ya Mwanza walimpima damu wakasema rovu linafanya kazi kupita kiasi na linaukimbiza mwili mzima. Wakampa vidonge vya tezi na vingine vya kutuliza moyo. Alivimeza kwa uaminifu, akanenepa, na wale waliomkimbia wakarudi kununua michembe kana kwamba hawakuwahi kuondoka. Aliwauzia. Mimi nisingewauzia.

Lakini rovu lenyewe halikupungua. Lilikuwa linakua kwa ndani na kubana njia ya hewa. Dada yake mkubwa, Nyamizi, alikufa hivyo hivyo kule Shishiyu, akitafuta pumzi mchana kweupe huku ndugu wamemzunguka hawana la kufanya. Shangazi alikuwepo. Ndiyo maana madaktari waliposema shingo ipasuliwe, rovu litolewe, hakubisha hata kidogo. Daktari bingwa wa kazi hiyo alikuwa mgeni, na mwisho wa Septemba angerudi kwao. Sharti lilikuwa moja: moyo uwe umetulia. Mgonjwa wa tezi akipasuliwa moyo ukiwa mbio anaweza kufia mezani, kwa hiyo apimwe kwanza hapa Bariadi, na akionekana hajatulia asisafiri.

Siku chache kabla ya kupimwa akashikwa na mafua.

Ulikuwa msimu wa kuuza pamba, vumbi na nyuzi zimejaa hewani, kila mtu anapiga chafya. Yeye aliona balaa. Aliamini wakimwona anatiririka kamasi watamrudisha nyumbani, na bingwa ataondoka, naye atakufa kama Nyamizi. Hakuniambia. Alichukua kanga yake akaenda kwa Selestini.

Selestini tulimjua wote. Alikuwa akipima pamba kwenye mzani wa chama cha msingi. Wanunuzi binafsi walipoingia na mizani yao, akaenda kozi fupi akafungua duka la dawa baridi. Kila kitu kilikuwa ruksa siku hizo. Zamani aspirini uliipata hospitali kwa kupanga foleni, na sasa kulikuwa na vidonge vya rangi mbili mbili vinang'aa nyuma ya kioo, na mtu alinunua hata kimoja. Si mtu mbaya, Selestini. Ana adabu ya nyumbani, na adabu hiyo ndiyo iliyotuponza, kwa sababu hawezi kumuuzia mama mtu mzima kabla ya kumsalimu. Alinisimulia baadaye mazungumzo yao.

"Mwangaluka, mama."

"Mwangaluka."

"Mhola?"

"Mhola."

"Nyumbani?"

"Mhola."

"Ng'ombe, mashamba?"

"Mhola."

"Presha? Moyo? Hakuna ugonjwa mwingine?"

"Mhola."

"Na dawa za hospitali, hutumii?"

"Mhola duhu, salama tu, baba. Nipe ya mafua."

Akampa. Kwa Msukuma wa umri wake, maswali yakishapangwa hivyo huwa ni salamu moja ndefu, na salamu haijibiwi kwa magonjwa. Hata nyumba ikiwa inaungua utasema mhola kwanza, moto utauleta mwishoni.

Vidonge vilifanya kazi. Kufika jioni pua ilikuwa kavu, akanichekea kwamba mafua yake hayana nguvu. Kesho yake nikamwona anamenya viazi na kisu kinamchezacheza mkononi. Nikamuuliza. Mhola. Keshokutwa yake akaacha kwenda sokoni, akakaa kwenye kigoda ameshika kifua, jasho linamtoka. Mhola. Niliogopa sana, na mimi nikiogopa huwa nafoka, kwa hiyo nilimfokea mtu anayeumwa. Yeye alikuwa ameshajua moyoni kwamba ugonjwa umerudi, na alikuwa anauficha ili apate kusafiri.

Lakini mapigo ya moyo hayafichiki. Siku ya kupimwa, Daktari Machibya wa hapa Bariadi alimshika kifundo cha mkono, akatazama saa, akarudia tena. Ilikuwa mia na thelathini.

"Mama, huwezi kwenda Mwanza na moyo huu," alisema. "Vidonge vya tezi naona vimeshindwa. Itabidi tuongeze, tusubiri miezi."

"Bingwa anaondoka," nikasema.

"Najua anaondoka. Bora aondoke kuliko amuue."

Shangazi alifunika uso kwa kanga. Sikuwahi kumwona akilia, hata kwenye mazishi ya mumewe, na sasa mabega yalikuwa yanaruka.

Daktari akamuuliza kama kuna dawa nyingine anatumia. Akatikisa kichwa. Hakuwa anadanganya. Kwake dawa ilikuwa ile uliyopewa hospitali, imeandikwa jina lako. Vile vya dukani vilikuwa vitu vya mafua tu, sawa na chai ya tangawizi.

Machibya ni mtu wa Nyalikungu, Msukuma mwenzetu, alilelewa na mama kama huyu. Alivuta kiti akakaa karibu.

"Basi sikuulizi habari. Nisimulie jana. Kuanzia ulipoamka, umetia nini mdomoni?"

Shangazi akapangusa macho. "Nilikunywa uji. Nikameza cha tezi na cha moyo. Halafu cha mafua. Mchana ugali na mlenda, nikameza cha mafua. Jioni..."

"Subiri. Cha mafua kipi?"

Akafungua pindo la kanga. Daktari alikitazama kile kidonge cha rangi mbili, akashusha pumzi.

"Hiki kinakausha pua kwa kubana mishipa ya damu, na papo hapo kinausukuma moyo. Mwingine angemeza asijue kitu. Wewe una tezi. Moyo wako ni ng'ombe wa kulimia ambaye tayari anachapwa, umemwongezea mchapa fimbo wa pili. Acha hiki leo hii. Vya tezi na vya moyo endelea navyo. Kichwa kikiuma meza panadol. Na dukani, kabla hujataja mafua, taja tezi."

"Na kamasi?"

"Iache itoke. Rudi Ijumaa."

Nilipotoka pale nilikwenda moja kwa moja kwa Selestini nimejaa matusi. Alinisikiliza, kisha akanieleza yale maswali aliyouliza, moja moja, na majibu ya shangazi. Nikanunua panadol nikaondoka.

Mafua yalirudi kwa fujo. Shangazi alipiga chafya tangu asubuhi, akanilaumu mimi, akamlaumu Machibya, akawalaumu wanunuzi wa pamba. Nilifurahi kumsikia akisema hivyo. Ijumaa moyo ulikuwa umeshuka, themanini na kitu. Daktari akapima mara tatu maana hata yeye hakutaka kukosea. "Nenda," akasema.

Bingwa alimpasua siku zake za mwisho za kazi.

Siku moja mnamo Oktoba nilirudi kutoka shambani alasiri. Kwa miaka mingi sikuhitaji kuuliza kama shangazi yupo ndani, pumzi yake ilisikika tangu uani, ikikwaruza, na kulala alilala ameegemea ukuta. Siku hiyo sikusikia kitu. Nikaingia. Alikuwa amenyooka chali juu ya mkeka, mdomo umefumba, na nyumba kimya kabisa.

Jembe lilinidondoka. Nilipiga magoti nikaweka kiganja mbele ya uso wake, nikiwa tayari nimeanza kulia. Hewa ikanigusa, polepole, ya moto. Ikaenda, ikarudi. Nikashindwa kunyamaza, nikalia kwa sauti mpaka jirani akaja mbio akasimama mlangoni, ameshika kichwa, akiuliza kuna msiba gani.

"Hakuna msiba," nikamwambia. "Shangazi amelala."