Ndoo ya Majukwaa

Mume wa dada yangu alijenga majukwaa kwa miaka thelathini na minane. Si yale ya wanasiasa. Ni yale wanayosimamia waashi na wapaka rangi, ya miti iliyofungwa kwa kamba. Watu walimwita Majukwaa. Dada yangu naye alimwita hivyo akiwa amekasirika, kwa hiyo mara nyingi. Fundo lake halikulegea mpaka alifungue mwenyewe. Siku hizi ni mabomba ya chuma na skrubu, na mtu anayakaza huku anacheka na simu. Tuyaache hayo.

Kila alipofanya kazi aliweka ndoo moja. Saa sita mchana aliijaza maji, akaitua chini katikati ya mafundi, wakatia mikono humo, yeye wa kwanza na wengine kwa vyeo vyao, kisha wakala sahani moja. Asiyetia mkono kwenye ndoo yetu, alisema, hapandi jukwaa letu. Mimi nilikuwa mbeba miti wake, kwa hiyo wa mwisho. Maji yaliponifikia yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na sijawahi tena kujiona mtu kama nilivyojiona siku zile.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa shule ya ghorofa tatu. Nilikuwa nimeshaacha kubeba miti. Wiki moja mafundi wanne walianza kuharisha, na msimamizi wa kazi akaja na kofia yake nyeupe.

"Mzee, akiugua mwingine mmoja, hilo jukwaa atalimalizia mtu mwingine."

Majukwaa alitaka kustaafu akiwa juu ya paa lile, si kwa kuondolewa. Kesho yake alishuka ngazi zote tatu kwa kasi ambayo hakuwa nayo hata ujanani. Choo alikuwa amekijenga mwenyewe, mbali kabisa na jengo, kwa ajili ya heshima.

Binti yake anafanya kazi maabara, anapima choo, jambo ambalo baba yake hakuwahi kulitaja mbele ya wageni. Jioni alirudi na majibu ya baba yake, nami nikiwa kwao.

"Baba, ni bakteria. Wamekaa kwenye utumbo."

"Wamepitia wapi?"

"Mdomoni. Mikono ya watu wanane, ndoo moja."

"Ndoo usiiguse, mwanangu. Inakuzidi umri."

Binti akachukua kalamu, akachora nyuma ya bahasha. "Kila seli ya utumbo ina kiunzi ndani, nyuzi nyembamba zinazoishikilia isiporomoke. Sasa bakteria huyu akifika hana pa kushika. Anaichoma seli kwa kitu kama sindano, anaingiza protini yake, inatokeza juu ya ukuta, naye anaing'ang'ania hiyo hiyo."

"Anakuja na ndoano yake mwenyewe?"

"Anaipachika kwenye ukuta wako. Halafu ndoano inaiamuru seli ikusanye nyuzi zake na kuzisuka upya chini yake. Seli inamjengea jukwaa, baba. Anakaa juu, hang'oki."

Majukwaa akatua kikombe. "Kwa miti ya nani?"

"Yako."

"Na fundi ni nani?"

"Wewe. Na vile vijidole vya seli vinavyonyonya chakula na maji vinabomolewa kumpisha. Ndiyo maana unakimbia."

Akaivuta bahasha karibu. "Miaka thelathini na minane," akasema, "hakuna aliyenijengesha bila kuniambia kimo."

Dada yangu akajibu kutoka jikoni, "Mimi nakuomba kibanda cha kuku mwaka wa tisa huu. Kumbe ningekuwa mdudu ungeshanijengea."

Nikaitetea ndoo. "Tulinawa humo miaka yote. Nani alikufa?"

"Mjomba," binti akaniuliza, "kuharisha mlikuita nini?"

"Jua kali."

Nikayasikia maneno yangu mwenyewe. Lile jua kali lilitupata hata miezi ya mvua.

Majukwaa alimwambia msimamizi ni jua kali tu, akanywa maji ya chumvi na sukari, akakaa nyumbani mpaka binti yake alipompima tena na kumruhusu. Aliporudi kazini alitoboa ndoo chini, akatia bomba. Akaijengea jukwaa la miti minne, kimo cha kifua, mafundo yale yale, na sabuni ikining'inia kwa kamba. Msimamizi alilitikisa, halikutikisika. Hakuugua mwingine, na paa likaezekwa Majukwaa akiwa juu. Kibanda cha kuku bado.

Siku ya mwisho walinialika kula. Walijipanga kwa vyeo kama zamani, nami nikasimama nyuma kabisa, mahali pangu. Kila mtu alinawa peke yake, akajifuta, akasogea. Zamu yangu ikafika. Nikafungua bomba, na maji yakanijia safi kabisa, kana kwamba hakuna mtu aliyenitangulia.